Askari Jela Asiye na Ndugu

Carrowmeen, Clare
2 Agosti 1853

Senan mjukuu wangu,

Nakusalimu mimi bibi yako Onora. Anayeandika ni Mwalimu Lysaght, maana mimi kalamu sikuwahi kuishika nikiwa mdogo na sasa vidole vimepinda. Anakusalimu mama yako mdogo Delia, anakusalimu Dinny mwanawe, ambaye amekuwa mrefu mpaka analala miguu ikiwa nje ya blanketi. Viazi vya mwaka huu ni safi. Kila asubuhi natoka kuvinusa kabla sijanawa uso, na mpaka leo sijasikia ule uvundo wa mwaka wa njaa.

Barua yako ilifika Jumapili ikasomwa jikoni kwangu mbele ya watu kumi na saba, wengine wamekalia rundo la mboji kavu ya kuwashia moto kwa kukosa pa kukaa. Mwalimu alipofika pale unaposema ulishuka melini Jumatatu na Jumanne ukavalishwa koti la askari jela, kwa kuwa askari wa zamani wote wamekimbilia kuchimba dhahabu, mzee Marcas akaweka kiko chini. "Nchi gani hiyo," akasema, "wezi wametulia ndani, walinzi ndio waliotoroka?" Tulicheka mpaka mbwa akatoka nje.

Lakini koti hilo silipendi, nakwambia wazi. Waliotubomolea paa mwaka wa njaa walivaa makoti. Wewe na Micho wa Delia mlikuwa na miaka kumi na minne, nikawalaza mtaroni, wewe kushoto, yeye kulia, sketi yangu juu yenu. Ila koti lina mfuko na mfuko una mkate, kwa hiyo livae. Umelipata kwa barua ya padri, na padri aliandika kwamba wewe ni mtu mpole. Usimfanye padri mwongo.

Sasa neno lililonifanya nimwite Mwalimu. Micho aliifuata dhahabu hiyo hiyo mwaka mmoja kabla yako, na hatujapata hata mstari. Delia amegeuza kitanda chake kielekee mlangoni. Mtafute. Umemzidi miezi mitatu tu, na mama yako alipokuwa na homa, Delia aliwanyonyesha nyote wawili, huyu titi hili na huyu lile. Nataka kujua kama yu hai. Mengine nitayavumilia.

Kula vizuri. Vaa soksi.

Bibi yako,
Onora Talty, alama yake X


Melini, Ghuba ya Melbourne
4 Desemba 1853

Bibi, shikamoo.

Mimi ni mzima, wala usiwaze juu ya soksi, maana huku Krismasi inakuja na joto la tanuri. Msalimie mama mdogo, msalimie Dinny, mwambie Mwalimu mwandiko wake mzuri kuliko wa karani wetu.

Unauliza kazi. Tunalinda meli iliyokatwa milingoti, haiendi popote. Wafungwa ni mia moja na ishirini. Askari tunapaswa kuwa thelathini, tuko kumi na sita. Wiki iliyopita watano waliondoka pamoja kwenda machimboni, wakachukua na makasia. Serikali inaajiri kila anayeshuka melini, mabaharia, wachinjaji, mmoja alikuwa mpiga fidla, na kabla hawajajua mlango upi unafunga upi, nao wamekwenda. Mimi nimebaki, kwa hiyo nimepanda cheo mara mbili bila kufanya lolote.

Askari akipungua, chuma huongezwa. Ndiyo njia yao. Mfungwa aliyekuwa na ratili kumi na nne miguuni anafungwa ishirini na nane, na wale wanaovushwa kwa mashua kwenda machimbo ya mawe wanaunganishwa kwa mnyororo mmoja, ili mtu mmoja atoshe pale palipotakiwa wawili. Bwana Jela, Bwana Tarrant, husema chuma hakidai mshahara wala hakioti dhahabu.

Kuhusu Micho, Bibi, nchi hii ni kubwa kuliko unavyofikiri, na akina Honan kama yeye wamejaa. Sijamwona.

Mjukuu wako,
Senan


Carrowmeen
10 Aprili 1854

Senan,

Salamu za wote. Delia anakohoa lakini anafua nguo za watu kama kawaida. Tumepata nguruwe mpya, mkorofi, ana macho ya wakala wa ardhi. Mzee Marcas tumemzika wiki ya kwanza ya Kwaresima. Alikufa akiwa amekaa, ikabidi tumnyooshe kwa mikanda.

Tomas Meere amerudi kutoka machimboni, mguu umevunjika. Alipita kwangu akanywa mtindi vibakuli vitatu kabla hajasema. Anasema Micho amefungwa miaka mitano kwa ajili ya farasi. Anasema Micho alimkuta farasi huyo njiani. Mimi namjua Micho, farasi huyo hakukutwa. Lakini miaka mitano kwa farasi, na farasi mwenyewe akarudishwa?

Anasema pia kwamba alitiwa kwenye meli ya jela ghubani mwezi wa kumi. Barua yako uliiandika mwezi wa kumi na mbili. Sasa niambie, Senan, ghuba hiyo ina meli ngapi za jela?

Mwalimu ameniuliza kama alainishe swali hilo. Nimemwambia aandike lilivyotoka.

Sikukasirikii. Labda hukuwa umemwona bado. Nilimwambia Delia palepale: acha kulia, mwanangu, Senan yuko hukohuko na funguo ziko kiunoni mwake. Hapa kwetu, yule kijana wa Lillis aliyempiga mkusanya kodi alitoka siku ya tatu, kwa sababu mjomba wake alikuwa askari polisi na padri aliandika mistari minne. Mtu akiwa na mtu wake ndani, mlango una bawaba. Asipokuwa naye, ni ukuta.

Mlegezee chuma. Mpe mkate wako, wewe una mwingine. Mimi nakwenda kwa padri.

Onora, X


Carrowmeen
1 Juni 1854

Senan wangu,

Leo sina habari za nguruwe. Nakuandikia ufurahi.

Padri amekubali. Ilichukua Jumapili tatu na kuku mmoja. Tumemwandikia Bwana Jela wako mwenyewe barua yenye muhuri na majina yenu mawili, inapanda meli moja na hii. Maneno ni yangu, padri amenyoosha tu. Nimesema hivi: "Bwana mheshimiwa, una wajukuu wangu wawili katika meli yako, mmoja ndani ya koti na mmoja ndani ya chuma. Mimi ndiye niliyewalea wote. Mkubwa ni mpole na mdogo ana kichwa kigumu lakini hana ubaya. Nakuomba uwaweke karibu, mkubwa amwangalie mdogo, kama walivyolala kwangu. Ukimpunguzia siku nitakuombea mpaka nife, na mimi sifi haraka."

Delia alibusu karatasi kabla haijafungwa. Padri akasema wino utachafuka.

Watu jikoni wanasema barua kama hiyo hata malkia angelia. Sasa Bwana Jela akikuita, simama wima, usitazame chini kama mwizi.

Onora, X


Melini
2 Agosti 1854

Bibi, shikamoo, na shikamoo tena.

Nimepata barua yako ya Aprili. Pole kwa mzee Marcas. Pole kwa kikohozi cha mama mdogo, mwambie apashe maziwa na kitunguu. Huku ni baridi sasa, upepo unatoka kusini na unaingia kwenye kila ufa. Askari tuko kumi na wanne.

Bibi, usiende kwa padri. Nakusihi kwa jina la marehemu mama yangu. Mambo ya huku si ya kwetu. Kila kundi jipya la wafungwa likiletwa, sisi askari tunapangwa mstari na kuulizwa mmoja mmoja: una ndugu humu? Mwenye ndugu anafukuzwa kazi siku hiyohiyo, au anapewa jaribio ambalo nisingependa kukueleza. Mwezi wa kumi mwaka jana niliulizwa. Nilijibu sina.

Usimwandikie mtu yeyote. Kaa kimya tu, miaka mitano itapita. Mimi nitafanya ninaloweza kufanya bila kuonekana. Mkate unaweza kuanguka sakafuni, na mtu anaweza kuuokota.

Yeye ni mzima. Hakosi maneno. Siku ya kwanza alipopita mbele yangu kwenye mstari alinong'ona kwa lugha ya nyumbani, ambayo imekatazwa hapa, "Ni wewe, au wamevalisha kijiti koti?" Sikucheka, Bibi. Nilitaka.

Choma barua hii.

Senan


Melini
19 Oktoba 1854

Bibi, shikamoo.

Barua yako ya Juni imefika. Ya Bwana Jela imefika pia.

Nimefanywa mkuu wa zamu. Nina chumba changu chenye dirisha. Nakutumia koti la sufu, zito, lina vifungo vya pembe, na mama mdogo namtumia shuka mbili. Koti livae, usiliweke kabatini kwa ajili ya Pasaka.

Usimwandikie tena Bwana Jela.

Senan


Carrowmeen
26 Februari 1855

Senan,

Salamu zipo, utazipata ukizistahili.

Umeniandikia barua fupi kuliko orodha ya dukani, na nusu yake ni koti. Koti nimelipokea. Nimempa Dinny afunikie nguruwe, amezaa na kuna theluji.

Micho yuko wapi?

Mwalimu aliisoma mara mbili, nikamwambia ageuze karatasi aone kama kuna maneno nyuma. Hakuna. Delia alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo karibu na moto. Alichukua zile shuka akazinusa, kisha akazikunja tena kwa mikunjo ileile zilizokuja nayo.

Nisikilize, kijana. Nilikutoa tumboni mwa mama yako kwa mikono hii, ukiwa wa buluu, nikakupiga mpaka ukalia. Nilikutafunia chakula. Mwaka wa njaa nilipika majani ya mtaroni nikakwambia ni kabichi, ukaniambia, "Bibi, kabichi hii tamu," na ulijua. Kwa hiyo usinifiche kwa kunihurumia. Mimi na wewe tulishaambiana uongo mkubwa tukausamehe. Huu mdogo sitausamehe.

Usiponiandikia ukweli, narudi kwa padri, na safari hii namwandikia Bwana Jela aniambie mwenyewe mjukuu wangu amefanywa nini. Nina kuku wengine.

Onora, X


Melini
24 Juni 1855

Bibi, shikamoo.

Natumaini mzima, natumaini nguruwe wamekua. Dinny nasikia ana nguvu sasa. Huku tumepata mvua nyingi.

Usimwandikie Bwana Jela. Nitakueleza mimi.

Ni kweli nilipokuandikia kwamba sijamwona, alikuwa chini ya miguu yangu kwa wiki sita. Nilikuwa nikitembea juu ya sitaha na kuujua ubao anaolalia.

Mwezi wa tisa mwaka jana Bwana Tarrant alipata habari kwamba ni ndugu yangu. Alivyozipata si neno. Aliniita ofisini na Micho akaletwa. Hakukasirika, ni mtu wa kucheka kidogo. Akasema, "Talty, ulijibu huna ndugu. Sasa ama ulijibu uongo, na nikufukuze, ama ni huyu anayedanganya kuwa ni wako, na aongezewe chuma. Nina askari kumi na watatu. Nisingependa kubaki na kumi na wawili. Nisaidie."

Nikamtazama Micho. Micho akasema kwa Kiingereza, kwa sauti, "Huyu simjui, bwana. Kwetu hakuna watu wenye sura mbaya hivi."

Bwana Tarrant akacheka kweli. Kisha akanipa pingu za miguu za ratili thelathini na mbili na nyundo, nikamfunge kwa mkono wangu. Nilimfunga. Nilipiga misumari minne. Msumari wa tatu ulikwenda upande, ikabidi niutoe nianze tena. Alikuwa ameweka mkono wake juu ya kichwa changu ili asianguke, maana alisimama kwa mguu mmoja.

Tangu siku hiyo alikuwa wa mashua ya machimbo ya mawe, kwenye mnyororo mmoja na wengine saba. Sheria ya mashua ni hii: ufunguo wa mnyororo hautolewi mfukoni mpaka wawepo askari wawili, mmoja wa ufunguo na mmoja wa bunduki. Imeandikwa ubaoni kwa herufi kubwa.

Tarehe tisa mwezi wa kumi, asubuhi, upepo ulikuwa mkali. Askari wangu wa bunduki alikuwa ametorokea machimboni siku mbili kabla, na hakuwa amepatikana mwingine. Nilikuwa nimeshuka gatini kwanza kushika kamba. Mashua ikagonga jiwe ikajaa maji. Haikuzama kwa haraka, Bibi. Ilizama kama mtu anayekaa chini.

Ufunguo ulikuwa mkononi, mkono ndani ya mfuko. Bwana Tarrant alikuwa juu ya meli na darubini yake, kama kila asubuhi. Niliita askari wa bunduki. Niliita jina la yule aliyetoroka, sijui kwa nini. Wafungwa wawili wa mwisho walishika gati na mnyororo ukawavuta. Micho alikuwa wa tatu. Maji yalikuwa kifuani mwake. Akanitazama akasema, "Afande, ufunguo." Akasema tena, taratibu, kama mtu anayekukumbusha umeacha kofia: "Afande. Ufunguo."

Hakuniita kwa jina. Hata hapo hakuniita. Alikuwa bado ananilinda kazi.

Niliruka baadaye. Nilifungua kufuli. Nilitoa wanne wazima. Yeye hakuwa kati yao.

Ripoti ilisema askari Talty alifuata sheria chini ya mazingira magumu. Ndiyo maana ya kile chumba.

Amezikwa ufukweni upande wa kaskazini. Pingu nilizitoa mimi kabla ya kuzikwa, ingawa huwa zinahesabiwa. Nilisema zimepotea majini.

Sasa kuna jambo ambalo wakuu wa zamu wote tumeamriwa kuandika. Koloni inakua, kuna jela mbili mpya zinajengwa nchi kavu na vituo vya polisi kila penye machimbo. Wanataka vijana wa kwetu, warefu, wenye barua ya padri. Nauli inalipwa na serikali. Watapewa koti, buti, kitanda, na nyama kila siku, hata Ijumaa kwa asiyejali mfungo. Nimeagizwa niwapate sita. Sikulazimishi useme chochote. Nimeandika kwa kuwa karani huzipitia barua zetu kutafuta aya hii tu, mengine hayasomi.

Bibi, barua hii usisomewe mbele ya watu. Mwite Mwalimu peke yake, mfunge mlango. Mama mdogo mwambie ilikuwa homa.

Mimi ni yule yule,
Senan


Carrowmeen
11 Novemba 1855

Senan,

Sisi ni wazima. Viazi vimekubali. Watoto wa nguruwe wamebaki saba.

Uliandika chini kabisa kwamba nisomewe peke yangu. Mwalimu husoma kuanzia juu. Wewe umelelewa katika jiko hili, umesikia barua ngapi za ng'ambo zikisomwa hapa, na ulijua jinsi watu wanavyojazana mlangoni tarishi akipita. Walikuwa ishirini na mmoja. Delia alikuwa amekaa palepale kwenye kiti kidogo.

Mwalimu alipofika kwenye mashua aliishusha karatasi. Nikamwambia, "Soma." Akasema, "Mama Onora, watu watoke kwanza." Nikamwambia, "Watoke waende wapi? Micho ni wao pia. Soma." Akasoma mpaka mwisho, na alipofika pale pa kufunga mlango, hakuna aliyecheka.

Delia aliomba jambo moja. Alitaka arudiwe pale Micho anaposema, "Afande, ufunguo." Mwalimu akarudia. Akaomba tena, akarudia tena. Kisha akasema, "Alikuwa na adabu siku zote akitaka kitu," akainuka kwenda kuwalisha nguruwe. Tangu siku hiyo anafua, anakula, anajibu akiulizwa. Kitanda amekigeuza, sasa kinaelekea ukutani.

Umeandika kwamba Bwana Jela alipata habari, na alivyozipata si neno. Ni neno. Zilitoka mezani kwangu, na kuku wangu ndiye aliyelipia. Nilimpelekea mtu mwenye chuma majina ya watoto wangu wawili, nikamwomba awaweke karibu. Akawaweka. Wewe hukunitupia lawama, na mimi nimeona kwamba hukunitupia. Hicho ni kitu kimoja ulichonifanyia, nakishika.

Padri alikuja kunifariji. Nikamuuliza kama bado anaandika zile barua. Akasema anaandika kwa anayestahili. Nikamwonyesha mlango.

Wengine hapa wanataka nikulaani. Mama wa Meere aliniambia nikukane mbele ya altare, jina lako lisitajwe. Nimemwambia ametokea wapi, kwani kukana ndiko kulikotufikisha hapa. Kwangu hakuna atakayemkana mtu tena. Wewe ni wangu. Ulishika ufunguo ukasubiri ruhusa, na wewe ni wangu, nitakubeba hivyo mpaka nife, na uzito wake utaujua wewe mwenyewe, maana na wewe utanibeba. Usiniandikie kwamba hulali. Usilale.

Sasa sikiliza lililotokea, ndilo nililomwitia Mwalimu.

Barua ilisomwa Jumapili. Jumatatu asubuhi, kabla sijawasha moto, vijana watatu walikuwa wamesimama nyumbani kwa padri, kofia mkononi, wakingoja barua ya tabia njema. Wote watatu walikuwa jikoni kwangu usiku uliopita. Wote watatu walilia, niliwaona. Mmoja ni yule kijana wa Lillis, mmoja mtoto wa Considine. Wa tatu ni Dinny.

Nilikwenda bila viatu. Nikamshika shati mbele ya mlango wa padri nikamwambia, "Wewe mwana wa Delia, jana ulikuwa kiziwi? Hukusikia walivyomfanya kaka yako?"

Akasema, "Nilisikia, Bibi."

"Ulisikia nini?"

Alinitazama. Ana macho ya Micho lakini hayana mzaha ndani yake, yametulia kama ya mtu mzima. Akasema, "Nilisikia kwamba wanapewa nyama kila siku."

Nilimwachia shati. Nina viazi.

Delia amemshonea soksi. Hajasema aende wala asiende. Padri amempa barua, ameandika kwamba ni mpole. Wakala wa nauli alimuuliza kama ana ndugu huko kwenye koloni, akajibu, "Nina wawili, mmoja kaburini na mmoja kwenye zamu." Wakala akaandika hana.

Meli inaondoka Jumatano. Atafika kwako baada ya miezi mitatu, nyuma kidogo ya barua hii au pamoja nayo. Ni mrefu, atakuwa wa kwanza kuonekana. Watamweka kwenye mstari na wewe utakuwa mbele na karatasi yako, ukiita majina. Usijifanye humjui.

Onora, X